Walitulisha Kwanza

Nikipita barabara ya Buterere, pembezoni mwa mji, siku hizi, sigeuzi uso upande wa kushoto. Upande huo kuna ukuta mrefu wa saruji na geti la chuma la rangi ya buluu. Juu ya geti wameweka picha ya mzee mmoja mwenye kofia ya pama, anatabasamu, na chini ya picha wameandika kwamba yeye ndiye mwanzilishi. Mwanzilishi wa nini, hawakuandika. Ndani ni maghala ya saruji na mabati. Pale lilipo ghala la pili ndipo palipokuwa jiko la mama yangu.

Mzee huyo kila mtu alimwita Patron. Nami namwita hivyo hivyo, maana hata nikitaka kumtukana ulimi umeshazoea. Alivuka ziwa akitokea upande wa Kongo, kijana mwenye madebe ya mawese. Mawese yakamletea biashara ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, ndagala zikamletea duka kule Asiatique, mtaa wa maduka mjini. Mpaka hapo hakuwa na tofauti na wafanyabiashara wengine. Tofauti yake ni kwamba wenzake waliponunua ardhi mahali pakavu, yeye alishuka kwenye tope, chini kabisa ya mji, ambako viboko walikuwa wakipanda kula majani na mbu hawakuwa na adabu hata mchana. Watu walimcheka. Akachimba mtaro, maji yakateremka ziwani, mpunga ukakubali. Kisha akaleta mashine ya kukoboa, akaijengea banda la mabati, na watu wakaanza kujenga kuizunguka: wengine wameshuka kutoka milimani, wengine wamekuja kutoka Uvira. Kijiji kikaitwa Ku Mashini. Hakuna aliyekaa kikao kutafuta jina.

Hayo yote ni kweli, na ndiyo yanayoniudhi. Angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo, ningemchukia nikapumzika.

Baba yangu alikuwa kapita wake. Kapita ndiye msimamizi: anafungua banda asubuhi, anawapanga wanaume kwenye magunia na wanawake kwenye nyungo, anasikiliza mashine inavyokohoa na kujua ni mkanda au ni mafuta. Papa alijivunia kazi hiyo kupita kiasi. Mchele mzima ulipakiwa kwenye lori ukaenda Asiatique. Chenga, yaani punje zilizovunjika, ziligawiwa kwa wanawake wanaopepeta, na pumba alichukua anayetaka. Sisi watoto wa Ku Mashini tulilelewa kwa chenga. Nilikuwa msichana mkubwa, nimekuja mjini kujifunza cherehani, ndipo nikala wali ambao punje zake ni ndefu, nikadhani ni chakula cha aina nyingine. Nilipomwambia Papa alicheka sana, akaenda kumsimulia Patron, na Patron naye akacheka. Wote wawili waliona ni kichekesho kizuri.

Sasa nieleze habari ya viwanja, maana bila hiyo hakuna ninachosimulia.

Mfanyakazi akishaoa, Patron alimpa mahali pa kujenga. Alikuja mwenyewe asubuhi, amevaa buti zake, akatembea naye kona hadi kona. Kisha akachukua fito ya mnyaa, akaichomeka ardhini kwa mkono wake. Ile ilikuwa ya kwanza. Zilizobaki ulichomeka wewe, nazo ziliota zikawa ua. Baada ya hapo mliketi nyinyi wawili, mkanywa pombe ya mtama kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, majirani wakitazama. Basi. Kiwanja ni chako. Hati ya ardhi yote alikuwa nayo yeye, na hakuna asiyejua hilo. Lakini nani angeuliza karatasi kwa mtu aliyekunywa naye chungu kimoja? Ingekuwa ni kumtukana, na sisi watu wa Ku Mashini tulikuwa na kila shida, ila hiyo ya kukosa adabu hatukuwa nayo.

Kiwanja chetu kilipakana na cha mama mmoja mjane. Ua ulikuwa mmoja kati yetu, na palikuwa na pengo ambalo mama yangu na yeye walipitisha makaa, chumvi na maneno. Mumewe alikufa mapema, akabaki na ungo wake na mdomo wake. Papa alimwita dada. Mimi nilimwita tantine, yaani shangazi. Alijua kupepeta kuliko wote na alijua kusema kuliko wote, na mama alipokuwa hai walikuwa wakigombana asubuhi na kupatana kabla jua halijawa kali.

Mama yangu alifariki wakati wa masika, barabara haipitiki. Patron, ambaye alikuwa amezeeka, alikuja kwa miguu toka lami mpaka kwetu, suruali imekunjwa, tope limefika magotini. Alileta mbao za jeneza. Alisimama kwenye mvua mpaka mwisho, hakukubali mwavuli. Papa hakusahau siku ile. Alipokuwa akiisimulia alisema kwamba mtu mkubwa namna hiyo alisimama kwenye tope kwa ajili ya mke wa kapita. Mimi nami niliona, na kwa miaka mingi nilidhani ni jambo zuri tu. Siku hizi naliona lilivyotufunga.

Halafu Patron naye akafa. Alikufa vizuri, kitandani, na alizikwa na watu wengi. Aliacha mtoto mmoja wa kiume aliyeshika duka la Asiatique, mtu mpole, mwenye sauti ya chini, asiyemwita Papa kapita bali baba. Mwaka ukapita na miezi, ikafika siku ya kuganduka.

Kuganduka ndiko kumaliza kilio. Wageni wanaitwa, mahema yanasimamishwa, na msemaji wa familia anasimama mbele ya watu kuuliza swali ambalo kila Mrundi analijua: kama kuna mtu marehemu alimwachia neno, au alimpa kitu, au kitu cha marehemu kiko mkononi mwake, aseme leo. Kinachosemwa pale, mbele ya wazee na mbele ya familia zote, kimesemwa. Kisichosemwa kimezikwa na mwenyewe. Ndiyo maana kwetu maneno hutangulia chakula. Watu wanasema wakiwa hawajaonja kitu, midomo ikiwa mitupu, kisha wanakula kwa amani. Ukishakula chakula cha marehemu huna tena la kumwambia ila asante. Hakuna aliyeiandika sheria hii, na sijawahi kuona mtu mzima akiivunja.

Wiki chache kabla ya siku yenyewe, watu wa Ku Mashini walikutana kwenye banda, wamekaa juu ya magunia ya pumba. Mji ulikuwa umetufikia. Viwanja vya upande wa Mutakura vilikuwa vinauzwa kwa wenye magari, na kila jioni kulikuwa na mtu asiyejulikana anayesimama kando ya mtaro akipima kwa macho. Walikubaliana kwamba siku ya kuganduka lazima mtu asimame aseme kwamba Patron aliwapa viwanja, kwa mkono wake, na mashahidi wapo. Mtoto wa Patron akiitikia mbele za watu, mambo yamekwisha. Wakamchagua Papa. Tantine ndiye aliyemtaja, kwamba yeye ndiye mwenye ulimi, nami nilikuwepo.

"Kapita, we njo unajua kusema," alimwambia. "Usizunguke. Sema Patron alitupatia, keti."

Papa alisema atasema.

Siku ilipofika nilitoka Mutakura, mtaa wa mjini nilikokuwa nikiishi na kushona, asubuhi na pasi yangu ya mkaa, nikampigia Papa pasi koti lake la kijivu, ambalo Patron mwenyewe alikuwa amempa. Nikiwa napiga pasi nikamkumbusha maneno. Nikamwomba asiweke sifa mbele, aanze na viwanja. Alikasirika kidogo. Aliniuliza kama nadhani yeye ni mtoto. Kisha akatazama lile koti, akasema polepole kwamba si rahisi kwenda kwenye kilio cha mtu ukiwa na jambo la kudai. Nilimjibu kwamba si kudai, ni kukumbusha. Akavaa koti.

Sherehe ilifanyika nyumbani kwa Patron mjini. Mahema meupe, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, kijana wa kamera anapita kila mahali na taa yake. Watu wa Ku Mashini tuliwekwa pamoja, katikati, mahali pa heshima, na hilo nalo lilitufurahisha. Hatujakaa vizuri, wasichana wakaanza kupita na sahani. Wali, wa punje ndefu, nyama, ndizi, mboga za lengalenga. Nikamtazama Papa. Papa akamtazama mzee aliyekaa karibu naye. Mtoto wa Patron mwenyewe akaja mpaka kwetu, ameinama, akaeleza kwamba wageni wengine wametoka mbali, wengine wana safari, basi familia imeona heri watu wale kwanza. Akachukua sahani kwa msichana, akampa Papa kwa mikono miwili.

Sijui mpaka leo kama alijua anachofanya. Nimewahi kuapa kwamba alijua, na siku nyingine nimeona labda alikuwa na haraka tu kama watu wa mjini walivyo. Wakati huo nilijua kitu kimoja: kwamba sahani ile isingerudishwa. Huwezi kumrudishia mtoto wa Patron sahani aliyoishika kwa mikono miwili. Papa akala. Tantine akala, akaongezewa. Mimi nikala. Wali ulikuwa mzuri.

Kisha msemaji akasimama, akauliza swali.

Papa aliinuka. Nilimwona akifunga kifungo cha koti. Alianza na salamu, akapitia familia zote bila kukosea, kama desturi inavyotaka, na sauti yake ilikuwa nzuri. Akasimulia viboko, mtaro, mashine. Akasimulia masika na mbao za jeneza, na watu wengine walitokwa na machozi. Nikawa nangoja viwanja. Mwishowe akapangusa mdomo kwa leso, ule mdomo uliokwisha kula, akamalizia:

"Patron alitulea. Sisi batu ya Ku Mashini hatuna neno na yeye. Hatumudai kitu. Alimaliza yote na sisi, Mungu amupokee."

Watu walipiga makofi. Walipiga sana, maana yalikuwa maneno mazuri, na sisi tunapenda mtu anayejua kusema kuliko tunavyopenda anachosema. Mtoto wa Patron aliinuka akamkumbatia. Kijana wa kamera akasogea karibu. Nikageuka kuwatazama watu wetu, nikitegemea hata mmoja ainuke. Kila mmoja alikuwa na mdomo. Walikuwa wanapiga makofi. Tantine alikuwa anapiga makofi, ameinamisha kichwa, na sahani tupu iko miguuni pake.

Tuliporudi Ku Mashini wapo waliomsifu Papa kwamba alisema vizuri, ametuheshimisha mbele ya watu wa mjini. Nilitaka kuwapiga. Nilimwuliza Papa pale pale njiani, mbele ya wote, viwanja viko wapi. Alinijibu kwa upole ambao sitausahau.

"Ningesema nini, mutoto wangu? Nilikuwa nimekula."

Kisha akaongeza kwamba mtoto wa Patron ni mtu mwema, kwamba amemkumbatia, kwamba mtu aliyekukumbatia mbele ya wazee hawezi kukufukuza. Aliamini hivyo. Nadhani wote waliamini, kwa sababu usiku ule hakuna aliyekosa usingizi ila mimi.

Mpunga ulivunwa mara moja tu baada ya siku ile, ndipo watu wa kupima ardhi walipofika. Walipigilia vigingi vya chuma vilivyopakwa rangi nyekundu, wakaruka ua wa minyaa kana kwamba haupo. Watu wakaenda kwenye ofisi ya tarafa. Wakaenda wakiwa wengi, wamevaa nguo za Jumapili. Wakaeleza habari ya fito, ya chungu kimoja, ya mirija miwili. Yule aliyekuwa akiwasikiliza, mtu wa makamo, alisikiliza kwa subira, na nilidhani ametuelewa. Kisha mtoto wa Patron, kwa sauti yake ya chini, akaomba ruhusa ya kuonyesha kitu. Akafungua kompyuta.

Ilikuwa video ya kuganduka. Tulimwona Papa akisimama, akifunga kifungo. Walikuwa wamekata viboko na mtaro na mbao za jeneza, wakabakiza mwisho. Hatuna neno na yeye. Hatumudai kitu. Alimaliza yote na sisi. Halafu makofi, na kamera ikatupitia sote, mmoja mmoja, tukipiga.

Mtoto wa Patron hakutabasamu. Alisema anawaheshimu sana watu wa baba yake, lakini yeye hawezi kutoa kitu ambacho wenyewe wamekiri hawakidai. Wazee waliokuwepo siku ile walithibitisha kwamba maneno yalisemwa. Walithibitisha kwa haki, maana yalisemwa. Nikamwona Papa anatafuta mahali pa kuweka mikono yake.

Trekta ilikuja kabla ya masika. Tulipewa muda wa kutoa mabati na milango, na huo nao uliitwa wema. Ua wa minyaa hautoki kirahisi. Ukiukata unatoa maziwa meupe yanayounguza macho, na dereva wa trekta alilalamika sana kuhusu macho yake. Mashine ya kukoboa iliuzwa kama chuma chakavu. Mtaro walioufukia upande wao ndio uliokuwa ukiwaondolea maji watu wa Buterere, kwa hiyo sasa mvua ikinyesha maji yanarudi kwa wale ambao hawakuwahi hata kumjua Patron. Tantine alikuwa amekwenda kupanga chumba huko huko Buterere, sehemu ya chini. Masika ya kwanza maji yaliingia mpaka kwenye kitanda. Alikaa juu ya meza na ungo wake mapajani, akitukana, mpaka vijana walipokuja kumbeba.

Papa nilimchukua nyumbani kwangu Mutakura. Nina vyumba viwili: kimoja cherehani na wateja, kingine kulala. Nilimwekea kitanda upande wa cherehani. Alikuwa mgeni mwema, hakudai chochote. Watu wa Ku Mashini walitawanyika, na walipokutana naye sokoni walimsalimu kwa jina lake. Hakuna tena aliyemwita kapita. Wengine walivuka barabara.

Siku moja, wateja wameondoka, aliniuliza kama ile video iko kwenye simu yangu. Ilikuwepo, ilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Sikutaka kumwonyesha. Alisisitiza. Aliishika simu kwa mbali jinsi wazee wanavyofanya, akatazama mpaka mwisho, akanirudishia.

"Nilisema vizuri," alisema.

Sikujua kama anajisifu au anajilaumu, na hasira yangu ilikuwa kubwa mno hata sikuuliza. Niliendelea kukanyaga cherehani. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Ilipofika siku yake ya kuganduka, sikuwa na uwezo wa mahema mawili. Nilikodi moja, tukaliweka uani kwa jirani. Ndugu wa Papa alishuka kutoka mlimani kuwa msemaji. Nilipanga kila kitu kama inavyotakiwa: maneno kwanza, sahani baadaye. Wapishi walinisumbua, wakisema wali utapoa. Niliwaambia upoe.

Watu wa Ku Mashini walikuja, wengi kuliko nilivyotarajia. Mtoto wa Patron pia alikuja, ameleta makreti ya soda, akawekwa mbele kwa heshima, na mimi ndiye niliyemweka. Adabu ni ugonjwa wetu, hata mimi ninao. Tantine alifika mwishoni, kitenge kimechakaa, miguu ina alama za tope la Buterere. Kwa sababu jua lilikuwa kali nilianza kuwagawia wageni maji na soda, ya kulainisha koo tu. Nilipomfikia tantine alifunika mdomo kwa kiganja.

Nilimwambia ni maji tu. Akatikisa kichwa, kiganja kiko pale pale. Nikabaki nimesimama na glasi. Nilielewa saa ileile, maana mtu mwenye kiu anayekataa maji kwenye kuganduka amebeba neno.

Ndugu wa Papa akasimama, akauliza swali. Hakuna aliyeinuka. Akaanza kushukuru, kwamba basi, hakuna mwenye neno. Tantine akainuka.

"Mi niko na neno," alisema. "Kapita alikuwa na nyumba yangu mu kinywa, akaimeza. Alikuwa ananiita dada. Ninamudai nyumba."

Msemaji alimwomba aketi. Alisema mama amechoka, ni jua. Wengine waliguna. Mtoto wa Patron aliinamisha kichwa kwa huzuni, akitikisa polepole, akionekana mtu mwenye utu kuliko sote tuliokuwepo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikingoja mtu aliseme jambo hili kwa sauti, na niliposikia nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote. Angelisema mbele ya mahema meupe. Angelisema pale tulipokuwa na kitu cha kuokoa. Hapana, alingoja mpaka mwenye kujibu ni maiti, na mwenye kulipa ni binti mwenye vyumba viwili.

Lakini lilikuwa limesemwa, kwa mdomo mtupu, mbele ya wazee. Ningeweza kukaa kimya. Nikamwona tena Papa, kama siku ile ofisini, akitafuta mahali pa kuweka mikono.

"Apana, asiketi," nilimwambia msemaji. "Ni kweli. Familia imesikia, na familia itatoa."

Nikaamuru sahani ziletwe. Tantine ndiye aliyekula wa kwanza. Wali ulikuwa umepoa kabisa.

Tangu siku ile anaishi kwangu. Analala kwenye kitanda cha Papa, upande wa cherehani, na hatutaji neno deni. Ananipepetea mchele, anachambua mawe, anawakosoa wateja wangu mbele ya macho yao. Mara moja nilimwuliza kwa nini naye hakusimama siku ya Patron. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto, akanijibu kwamba angesimama vipi na alikuwa amekwisha kula. Alinijibu kwa maneno ya Papa yale yale, bila hata aibu kidogo.

Jumapili iliyopita ilikuwa misa ya kumwombea Patron, ile wanayofanya kila mwaka. Tantine alikwenda. Alirudi jioni amebeba mfuko mdogo wa mchele waliogawiwa watu wa zamani, akaumimina kwenye ungo wake ili aniandalie. Ulikuwa chenga. Akawa anaupepeta na kuimba kwa sauti ya chini, amefurahi.

"Patron alikuwa mutu muzuri," alisema. "Baba yako njo alituuza."

Niliinua ungo mapajani pake, nikaupeleka jikoni, nikazipika zile chenga.